Sidiria, Usukani na Mshahara

Hadi 2011, mwanamke wa Saudi Arabia aliyetaka kununua sidiria kwa kawaida alilazimika kumtajia kipimo chake mwanamume asiyemjua, mara nyingi mhamiaji kutoka Asia. Hayo yalikuwa mambo ya kawaida katika nchi ambayo wanaume na wanawake wasio maharimu, yaani wasio jamaa wa karibu wasioweza kuoana, walitengwa hata mikahawani. Haya ina mahesabu yake. Ndipo Mfalme Abdullah akatoa amri, na kuanzia Januari 2012 maduka ya nguo za ndani yakatakiwa kuajiri wanawake pekee.

Ajira ikaja, usafiri haukuja. Muuzaji hakuruhusiwa kuendesha gari, basi la kutegemewa hakuna, kwa hiyo sehemu nono ya mshahara ikaishia kwa dereva. Dereva huyo naye hakuwa maharimu wake. Kiti cha nyuma, yaonekana, kilihesabiwa kuwa pazia.

Wanawake 47 walikuwa wameupinga mzaha huo mapema. Tarehe 6 Novemba 1990 walizunguka Riyadh wakiendesha magari wenyewe, wakakamatwa, na waliokuwa watumishi wa serikali wakasimamishwa kazi. Marufuku ilikuja kuondolewa tarehe 24 Juni 2018. Siku hiyo Loujain al-Hathloul, aliyeidai ruhusa hiyo kwa miaka, alikuwa kizuizini tangu Mei. Watawala walitaka ruhusa hiyo ihesabiwe kuwa zawadi yao, si deni walilodaiwa.

Silidharau lililopatikana. Kabla ya mageuzi haya, Wasaudi wa kike waliokuwa katika soko la ajira hawakufika hata mmoja kati ya watano; miaka michache baadaye ni zaidi ya mmoja kati ya watatu. Tangu Agosti 2019, aliyetimiza miaka 21 anajichukulia pasipoti bila idhini ya walii, yaani mlezi wake wa kiume. Kuolewa bila walii bado haiwezekani, na kwa sheria ya familia ya 2022, mke anayekataa bila udhuru kuhamia kwa mumewe hupoteza matunzo.

Na mwanamke huyu wa Saudi anayewahi ofisini, watoto amemwachia nani? Mara nyingi dada wa kazi kutoka Ufilipino, Uganda au Kenya, ambaye watoto wake mwenyewe wanalelewa na bibi yao. Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia ya 2005 haimhusu: amewekewa kanuni zake kando, na kibali chake cha kuishi kinamtegemea mwajiri.