Kinu cha maji: kinasaga ama kinatwanga?

Miaka kadhaa iliyopita nilizuru kinu cha maji cha Josephine, mtaani Newlands, Cape Town. Kilijengwa mwaka wa 1840 na Jacob Letterstedt, mfanyabiashara kutoka Uswidi, ili kusaga ngano kwa nguvu za Mto Liesbeek. Baadaye kilikarabatiwa kikawa makumbusho. Juzi nikiwa Giakanja, Nyeri, nilikuwa nikiwasimulia wenyeji habari hizo nje ya kisiagi, mzee mmoja akanikatiza: "Lakini mwalimu, hicho kinu kinasaga ama kinatwanga?"

Hilo si swali la mzaha. Kiasili, kinu ni gogo lililochongwa shimo ambamo nafaka hutwangwa kwa mchi. Wakikuyu hukiita ndĩrĩ. Kusaga ni kazi tofauti: nafaka husuguliwa baina ya mawe mawili mpaka iwe unga. Kifaa hicho Waswahili walikiita kijaa, ama mawe ya kusagia tu.

Basi mzee ana hoja. Kule Newlands hamna mchi. Maji husukuma gurudumu la chuma, gurudumu huzungusha mhimili, nao mhimili huzungusha jiwe la juu huku la chini likiwa limetulia tuli. Ngano huingilia tundu la katikati, unga ukatokea kandokando. Ukitazama kazi yake, hicho ni kijaa kikubwa!

Hata hivyo, lugha haikungoja ruhusa yetu. Waswahili wa pwani walikuwa na kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, kilichozungushwa na ngamia. Chombo hicho kina shimo na mchi kama kinu cha nyumbani, ila mchi wake hauinuliwi, unazunguka. Nadhani hapo ndipo neno lilipovuka kutoka kutwanga hadi kuzunguka, na leo twasema kinu cha upepo, hata kinu cha nyuklia, pasipo mchi wala punje.

Kwa hivyo "kinu cha maji" ni sahihi. Usiandike "mashine ya maji"; msomaji atafikiria pampu. (Na asiyejua atadhani ni kile cha methali, cha kutwanga maji kinuni. Hapa maji ndiyo yanayofanya kazi.)

Ila kitenzi tukichunge. Mwanafunzi akiniandikia kwamba kinu cha maji "kilitwanga" ngano, namkata alama.