Breki Kwanza, Kona Baadaye

Nikiwaambia wenzangu wa hosteli kwamba mwaka niliosoma Uingereza niliwahi kuendesha gari kwenye uwanja wa Brands Hatch, swali la kwanza huwa lile lile: "Ulikimbia ngapi?" Hakuna anayeuliza nilifunga breki wapi. Na somo lote liko hapo, tena anayelihitaji zaidi ni yule anayetoka Dar kwenda Moro na Vitz ya kaka yake.

Tuelewane kwanza, sizungumzii mashindano. Viwanja vya mbio kule vina siku ambazo mtu wa kawaida mwenye leseni na gari zima analipa, anavaa helmeti, anasikiliza maelekezo asubuhi, kisha anaingia. Hakuna kupimana muda wala mshindi. Unampita mwenzako kwa upande uliokubaliwa tu, tena mpaka yeye akuruhusu. Bima ya barabarani kwa kawaida haikufuati humo ndani, kwa hiyo ukiligonga, limekula kwako. Hilo peke yake linatuliza watu.

Sasa fizikia kidogo, na watu wa sosholojia msikimbie. Gari linashika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu ukubwa wa kiganja. Mshiko wa vipande hivyo ni kama boom: ukilimalizia kwenye breki, la kukatia kona halipo. Ila hesabu yake si ya kutoa tu, ni ile ya Pythagoras. Ukitumia asilimia 80 ya mshiko kufunga breki, unabaki na 60 za kukata kona. Ukitumia zote 100, usukani unakuwa pambo.

Halafu boom lenyewe linahama. Chukua gari la kilo 1,000, uzito umegawanyika nusu mbele nusu nyuma, kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ardhi, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.5. Funga breki kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wa gari. Kilo 160 zinahamia mbele: sasa mbele kuna 660, nyuma 340. Ukiachia mafuta ghafla, jambo hilo hilo linatokea kwa kiasi kidogo, na kama uko katikati ya kona, tairi za nyuma zilizopungukiwa uzito zinaweza kuachia, mkia ukataka kutangulia. Kinyume chake, ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama mengi tunayopanda, pua inakosa mshiko na gari linakwenda moja kwa moja huku umekata usukani. Wengi hapo wanazidi kukata. Dawa ni kupunguza mafuta kwa upole na kurudisha usukani kidogo mpaka tairi zishike tena.

Kona iliyonifanya niamini hesabu hizi inaitwa Paddock Hill Bend, ya kwanza baada ya mnyooko wa mbele ya jukwaa. Inakata kulia. Unaiingia ukiwa juu, huoni inakoishia, kisha ardhi inazama chini yako na gari linakuwa jepesi. Tumbo linakwambia achia mafuta. Aisee, usilisikilize! Nyuma tayari ni nyepesi, na nje kuna changarawe inasubiri wateja. Mwalimu aliyekaa kushoto kwangu alinielekeza hivi: breki kali yote ipigwe usukani ukiwa umenyooka, mguu uachie breki taratibu kadiri mikono inavyokata, kisha mafuta kidogo tu ya kushikilia mwendo, macho yakitazama bondeni. Kule chini, barabara inapoanza kupanda tena kwenda Druids, gari linagandamizwa ardhini na mshiko unaongezeka. Hapo sasa kanyaga.

Druids ni kona kali inayogeuka karibu kurudi ulikotoka, na ndiyo inayoonyesha faida ya njia pana. Kwenye lami kavu, ukipita kona kwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 30, tairi za kawaida zitakubeba mpaka kama kilomita 59 kwa saa. Tanua duara lifike mita 45, unapata kama 72, bila kuongeza hata farasi mmoja kwenye injini. Ndiyo maana wanaanzia ukingo wa nje, wanagusa wa ndani, wanatokea nje tena. Wageni tulifundishwa kugusa ndani kwa kuchelewa, baada ya katikati ya kona, ili ukizidisha mwendo ubaki na lami ya kutosha wakati wa kutoka. (Uwanjani tu, jamani. Barabarani huo ukingo wa nje una basi la mikoani.)

Mvua ikinyesha mambo yanageuka. Mstari ule ule uliopakwa raba na tairi za siku nzima unateleza, kwa hiyo unaendesha pembeni yake, mahali ambapo siku ya jua hupagusi.

Na kuna joto. Mizunguko michache ya nguvu inatosha kuchemsha mafuta ya breki yaliyozeeka. Mapovu yanaingia, pedeli inazama hadi chini na gari halisimami. Kwa hiyo mzunguko wa mwisho ni wa polepole, upepo upoze diski, na ukipaki huvuti hendibreki, unaacha gia. Breki ikichemka haijali kama uko Kent au unashuka Kitonga na lori la mahindi. Dereva mzoefu wa Kitonga anaingiza gia ndogo akiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza.