Resiva za Zamani: Bei Imo Ndani ya Boksi

RESIVA za stirio zilizotengenezwa Japani miaka ya 1970 bado zinatafutwa na wapenzi wa muziki wa Marekani, Ulaya na huko huko Japani, ingawa madukani zimejaa mashine mpya, nyepesi na zenye rimoti. Mfanyabiashara anayetaka kuweka mtaji wake hapa yampasa kwanza ajue mnunuzi analipia nini.

Resiva ni redio na amplifaya katika boksi moja. Zamani kila kiwanda kilitangaza wati kilivyopenda. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilitoa kanuni: amplifaya iendeshwe saa nzima kwa theluthi ya nguvu zake, ndipo ipimwe. Mwenye transfoma ndogo aliumbuka. Yakafuata mashindano ya wati. Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976 ilitoa wati 160 kila upande. SX-1980 ya mwaka 1978 ikafika 270, na uzito wake kilo 35 hivi. Mpagazi wa sokoni angedai malipo yake mapema.

Chuma hicho ndicho kinachonunuliwa, pamoja na uso wa alumini na ile taa ya buluu ya Marantz. Miaka ya 1980 viwanda vingi vilibana gharama, plastiki ikaingia. Wapenzi wake husema sauti ya zamani ni nzito na tulivu zaidi. Kwa maoni yangu sehemu ya utamu huo ni kumbukumbu za ujana, lakini kumbukumbu nazo zina bei sokoni.

Hasara huanzia kwenye umri. Kapasita hukauka, vifundo vya sauti hukwaruza, na transista kubwa za kusukuma spika zikiungua, nyingi za aina ile hazitengenezwi tena. Za bandia zimezagaa. Muuzaji akisema "inafanya kazi", mara nyingi maana yake taa zinawaka.

Anayeagiza kuja Afrika Mashariki ana mitego miwili zaidi. Mashine ya soko la Marekani hutumia volti 120 na ya Japani 100. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240, umenunua moshi. Baadhi zina swichi ya kubadilisha volti nyuma, nyingine hazina. Pili, redio ya soko la Japani ya miaka hiyo iliishia FM 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Kabla ya kulipa, dai picha ya kibandiko cha nyuma na ya ndani, kifuniko kikiwa kimefunguliwa. Kisha jumlisha nauli ya mzigo, ushuru na fundi. Iliyokwisha kukarabatiwa na fundi anayeaminika huuzwa ghali, lakini kwa mwenye mtaji mdogo ndiyo ningeichagua.