Pasi ya mwanafunzi siyo pasi ya goli

BUNDA, Mara. MECHI ya mtaani pale Nyasura haina mambo mengi. Ukijua mpira unapewa jezi, unaulizwa unacheza namba ngapi, filimbi inapigwa. Hakuna anayekuuliza kama umetokea Bunda, Migori au Kampala.

Shida inaanza siku dogo akionekana. Kocha anataka jina lake liingie kwenye usajili, na hapo ndipo inajulikana ni Mkenya aliyevuka Sirari kuja kusoma. Kibali cha shule anacho. Viongozi wanasema: si yuko nchini kihalali? Basi acheze.

Haiendi hivyo, wadau. Kuwa nchini kihalali ni jambo moja, kusajiliwa na klabu ni jambo la pili, kulipwa kwa kucheza ni la tatu. Klabu ikiyachanganya hayo inaweza kujikuta imechezesha mamluki. Lakini anayeumia zaidi ni dogo mwenyewe, maana anaweza kukosa mpira na darasa kwa mpigo.

A, B, C ZA UHAMIAJI

Vibali vya ukaazi vinavyotolewa na Idara ya Uhamiaji viko vya madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na wafanyabiashara. B ni la walioajiriwa. C ndilo la wanafunzi, watafiti, wanaojitolea, wastaafu na wengine wa aina hiyo.

Chukua mtafiti wa kigeni anayekuja kufuatilia nyumbu wa Serengeti na kuingilia lango la Ndabaka, hapa hapa Bunda. Huyo anahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, na kwa kuwa ni mambo ya wanyamapori, TAWIRI nao wanahusika. Ukaazi wake ni daraja C. Akicheza bonanza na vijana jioni, hakuna atakayeshtuka. Ila akisaini mkataba na kuanza kuchukua mshahara, ameshakuwa mwajiriwa, na kibali chake hakisemi hivyo.

Mwanafunzi naye ni vilevile. Wageni tunaowashangilia Simba na Yanga wamekuja kufanya kazi. Wanahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya 2015 ya ajira kwa wasio raia, pamoja na ukaazi wa daraja B.

Kwa majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mlango uko wazi zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa Mkenya au Mganda haki ya kuingia nchini kusoma, mradi achukue pasi ya mwanafunzi. Pasi hiyo inamfikisha darasani. Mkataba wa soka ni habari nyingine.

FIFA NAYO INA YAKE

Hata Uhamiaji wakiwa hawana neno, bado kuna FIFA. Kanuni ya 19 ya usajili na uhamisho inazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Na kuanzia miaka 10, mtoto aliyesajiliwa nchi moja hawezi kusajiliwa nyingine bila ITC, ile hati ya uhamisho wa kimataifa.

Milango ya pembeni ipo. Wazazi wakihamia Bunda kwa shughuli zao, tuseme biashara ya dagaa au pamba, bila mpira kuwa sababu, mtoto anaweza kuombewa. Kuna pia nafasi ya mwanafunzi aliyekuja peke yake kwa programu ya kubadilishana wanafunzi, lakini usajili wake hauzidi mwaka mmoja, na klabu lazima iwe ya ridhaa tupu, isiyo na uhusiano wowote na timu ya kulipwa.

Mlango mwingine ni wa watoto wa mpakani. Nyumbani kwa mchezaji na klabu yake visizidi kilomita 50 kutoka mpakani, kila kimoja upande wake, na mchezaji aendelee kulala kwao. Dogo wa Isebania anaweza kufikiriwa Tarime kwa njia hiyo. Kwa Nyasura haiwezekani, kwani Bunda iko mbali zaidi ya kilomita 50 na mpaka.

MARA WANAJUA UCHUNGU WA KARATASI

Mashabiki wa mkoa huu hawahitaji kuhadithiwa. Oktoba 2021 Biashara United iliichapa Al Ahli Tripoli mabao 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Marudiano Libya hawakufika, safari ilikwama kwenye vibali vya ndege. Ushindi wote ule ukapotea.

Januari 2025 tuliona karatasi ikifanya kinyume chake. Nyota watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Arthur Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea, walipewa uraia wa Tanzania. Mjadala ulikuwa mkali nchi nzima. Nyuma ya watatu hao kulikuwa na klabu yenye watu wa kufuatilia mafaili. Dogo wa bweni hana mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo kocha ukimwona winga anayewatesa mabeki pale Nyasura, muulize mapema: ana miaka mingapi, anaishi na nani, na kibali chake kimeandikwa nini. Kama ana mlango FIFA, maombi yapite TFF kabla dirisha halijafungwa. Kama hana, mwache asome na acheze na wenzake mtaani. Akifika 18 bila doa kwenye faili lake, klabu inayomtaka itamwombea ITC, na kama ni ya kumlipa, itamtafutia na kibali cha kazi.