Mkokoteni Uliofika Mtupu

Mkulima wa kunde huyajua majani yenye batobato kabla hajainama: kijani kimekatikakatika, manjano yameingia kati ya mishipa, jani limejikunja. Hung'oa mche akautupa mbali na shamba. Katika maabara ya Nicole Steinmetz, Chuo Kikuu cha California, San Diego, jani kama hilo ndilo mavuno yenyewe.

Huko kunde huambukizwa kwa makusudi. Mche ukishatoa majani mawili ya kwanza, hunyunyiziwa unga mkali mfano wa ule wa msasa, kisha tone la maji yenye virusi husuguliwa juu ya jani kwa ncha ya kidole, taratibu, likwaruzike bila kuchanika. Shambani kazi hiyo hufanywa na mbawakawa wanaotafuna majani. Zikipita wiki mbili tatu majani huvunwa, husagwa kwenye blenda, huchujwa, halafu maji yake huzungushwa kwa kasi kubwa mno hadi virusi vijitenge na takataka za jani. Gramu moja ya majani huweza kutoa miligramu moja ya virusi safi. Usiidharau miligramu hiyo, ina chembe zipatazo trilioni 100.

Kirusi chenyewe, cha batobato la kunde, kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, kutoka kwenye kunde za Nigeria. (Si kile cha batobato la mihogo, kile ni cha ukoo mwingine na huenezwa na nzi weupe.) Upana wake ni nanomita 30 hivi: vipange zaidi ya 30,000 ndipo upate milimita moja. Ganda lake limejengwa kwa protini mbili, kila moja ikirudiwa mara 60, na kwa nje lina sehemu 300 ambazo mkemia anaweza kuning'inizia kitu, iwe rangi ya kung'aa au dawa. Tena chembe zote ni sawasawa, hakuna kubwa wala ndogo. Anayetengeneza vibebea dawa kwa mafuta au plastiki huhangaika sana kupata usawa huo. Mmea huutoa bure.

Kwa nini dawa ibebwe? Anayemfahamu mgonjwa aliyetundikiwa dripu ya doksorubisini, ile dawa nyekundu kama sharubati, hahitaji maelezo marefu. Dawa hupita mwili mzima, nywele hunyonyoka, na kipimo kikizidi moyo hudhurika. Wazo la wanasayansi lilikuwa kuifungasha ndani ya kirusi cha mmea, kisichoweza kuzaliana ndani ya binadamu, kiifikishe kwenye uvimbe. Mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa harakaharaka, na kuta zake huvujavuja, hivyo mzigo mdogo unaweza kupenya hapo.

Kirusi cha tumbaku kilionekana kufaa sana kwa kazi hii. Ni kijiti cha nanomita 300 kwa 18, chenye protini 2,130 zilizojipanga kuzunguka tundu linalopita katikati, na ndani ya tundu hilo watafiti wameshapakia dawa za jamii ya platini. Wengine wamepakia gadolini ili uvimbe uonekane vizuri zaidi kwenye kipimo cha MRI. Kirusi cha kunde nacho kilipakwa rangi ya kung'aa, na mwaka 2006 picha za mishipa ya damu ya panya walio hai na ya viinitete vya kuku zikachapishwa.

Shida ni kwamba mwili haulali. Chembe nyingi zinazoingia kwenye damu hukamatwa na ini na wengu kabla hazijafika ziendako.

Ndipo mwaka 2016 likatoka jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kubwa kuliko yote haya. Steinmetz na Steven Fiering wa Chuo cha Dartmouth, pamoja na wenzao, waliwapa panya wenye saratani maganda matupu ya kirusi cha kunde. Hayakuwa na dawa ndani, hata RNA ya kirusi, yaani maelekezo yake ya urithi, haikuwamo. Uvimbe ulidhoofika, wa mapafu na wa ngozi. Wengi wa waliopona uvimbe wa ngozi, walipopandikizwa tena seli zilezile ubavu wa pili, hazikuota. Mkokoteni ulifika mtupu, nao ukafanya kazi iliyotarajiwa kwa mzigo.

Sababu ni hii: uvimbe wa saratani huilaza kinga ya mwili. Chembe nyeupe za damu zipo palepale, zimetulia kama askari waliohongwa. Kirusi cha mmea kikichomwa ndani ya uvimbe, chembe hizo hukiona ni kigeni, hukimeza na kupiga yowe; seli nyingine za kinga zikija, hukuta na saratani iko hapo. Kirusi kikiwa na RNA yake, yowe huwa kubwa zaidi. Na si kila kirusi kinaweza. Kunde ina kirusi kingine cha ukubwa karibu huohuo, ambacho seli zetu za kinga hukimeza vilevile bila kustuka kiasi hicho. Tofauti mojawapo ni kwamba RNA ya kile cha kwanza hudumu na kufika mahali penye vitambuzi vya RNA ndani ya seli.

Sindano hii imekwisha kujaribiwa kwa mbwa wenye saratani ya matiti, huko Hispania. Kwa binadamu wenye saratani, bado hakuna dawa ya aina hii iliyoidhinishwa. Na nisieleweke vibaya: kula mboga ya kunde yenye batobato hakutibu chochote. Sindano huingia kwenye uvimbe wenyewe, si tumboni.

Linabaki suala ambalo madaktari hawajalizoea: usalama wa shamba. Kirusi hiki hakimpi mtu ugonjwa, lakini huzipa ugonjwa kunde za jirani. Kwa hiyo hupigwa mionzi ya urujuanimno au kutiwa formalini ili RNA yake iharibike kisiweze kuambukiza mmea. Na RNA hiyohiyo ndiyo inayokuza yowe, kwa hiyo mionzi nayo inapimwa kama dawa.