Likasi: Kompyuta ndogo ya michezo huanza na wati, si na kasha

Vijana wengi wanaotaka kujiundia kompyuta ya michezo ya video huanza na picha waliyoiona kwenye simu: kasha dogo, kioo ubavuni, taa za rangi. Kisha wanatafuta vipuri vya kuingia ndani yake, na umeme wanaufikiria mwisho. Mjini Likasi, njia hiyo ni ya kupoteza dola. Hapa swali la kwanza ni hili: moto ukikatika saa moja jioni, mashini hii itaendelea kufanya kazi kwa muda gani?

Si kwamba mji uko mbali na mitambo ya umeme. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na mitambo yake 6 ilikarabatiwa hadi mwaka 2021. Lakini umeme wa Katanga unagombaniwa na migodi, viwanda na nyumba, na wakaaji wa Kikula, Panda na Shituru wanajua nani husubiri. Ndiyo maana anayeweza hununua betri na paneli ya jua. Kompyuta ya michezo, ikifika nyumbani, inakuja kunywa kwenye betri hiyohiyo inayowasha taa na kuchaji simu za familia.

Tupige hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ya risasi na tindikali, inabeba wati-saa 1,200. Ukitaka iishi, usiitumie zaidi ya nusu: zinabaki 600. Konvertisa, mashini inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo mkononi unabaki na wati-saa 520 hivi.

Sasa weka kompyuta yenye kadi ya grafiki kama RTX 3060, ambayo peke yake inaruhusiwa kufika wati 170. Mashini nzima pamoja na skrini inaweza kukaribia wati 325 wakati wa kucheza. Betri itadumu saa 1 na nusu, na kwa kweli chini ya hapo, kwa sababu betri ya risasi ikinyonywa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Lakini kompyuta isiyo na kadi hiyo, inayotegemea prosesa yenye grafiki ndani yake, inaweza kubaki karibu na wati 125 pamoja na skrini. Hiyo ni saa 4. Mechi za mpira za jioni nzima, na taa bado zinawaka.

Kwa sababu hiyo, kwa anayeanza, naona uamuzi mzuri ni prosesa kama Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021: kora 6, wati 65, na grafiki imo ndani. Haitafungua michezo yote mipya kwa ubora wa juu, tusidanganyane. Lakini GTA V itacheza, na michezo mingi ya mpira itacheza ukipunguza ubora wa picha. Anayetaka nguvu zaidi na ana dola anaweza kutazama Ryzen 5 8600G ya mwaka 2024, nayo ya wati 65, lakini hiyo inadai RAM ya DDR5 na kadi mama ya aina nyingine.

Kuna kosa moja linalorudiwa kila mara kwenye prosesa za aina hii. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. Mtu akinunua kipande kimoja cha RAM cha gigabaiti 16, ameifunga mguu mmoja. Vipande viwili vya gigabaiti 8 vinapitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na tofauti inaonekana machoni mchezo unapoanza. Muuzaji atakwambia 16 ni 16. Usikubali.

Baada ya hapo ndipo kasha linaingia, na udogo una faida yake. Chumba cha kupanga hakina nafasi, na mashini inayoingia ndani ya mfuko wa mgongoni inaweza kupelekwa kwa rafiki ambaye kwake moto uko leo. Ndogo kupita zote ambayo bado unaijaza mwenyewe ni kama DeskMini X300 ya ASRock: sentimita 15.5 kwa 15.5 kwa 8, chini ya lita 2. Inatumia RAM fupi za laptopu na chaja ya nje ya volti 19 na wati 120. Haina nafasi ya kadi ya grafiki, sasa wala baadaye. Na ina mtego: kipoza cha prosesa kisipite milimita 46, wakati kile kinachokuja bure ndani ya boksi la 5600G kina milimita 54. Aliyeagiza bila kupima atasubiri mzigo wa pili kupitia Kasumbalesa kwa ajili ya milimita 8.

Saizi inayofuata ni kadi mama ya Mini-ITX, ya sentimita 17 kwa 17, iliyobuniwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Ina nafasi mbili za RAM na mara nyingi moja tu ya kadi ya grafiki. Kasha kama NR200 la Cooler Master, lenye lita 18 hivi, linapokea kadi kubwa na kipoza cha milimita 155. Ni kasha zuri, lakini linataka kisanduku cha umeme cha aina ya SFX, kile kifupi. Hapo mimi nasita. Kikiungua kisanduku cha kawaida cha ATX, utapata kingine Lubumbashi, kilometa 120 hivi kutoka hapa, labda hata Likasi kwenyewe. SFX ikiungua, inaweza kuwa kuagiza Dubai. Kasha lililoongezeka sentimita chache, linalokubali kadi mama ya Micro-ATX na kisanduku cha ATX, halipendezi sana kwenye picha, ila linatengenezeka.

Kisanduku hicho cha umeme ndicho kipuri ambacho wengi wanabania pesa. Nimelipia somo hilo: usiku mmoja umeme ulirudi kwa kishindo, nikasikia mlio, kisha harufu. Kilikuwa cha bei rahisi, bila stabiliza mbele yake. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Kikiandikwa volti 100 hadi 240, kitavumilia umeme unaposhuka hadi 170 au 160. Kikiandikwa 230 peke yake, au kina kile kiswichi chekundu cha kuchagua 115 na 230, kompyuta itazimika katikati ya mchezo kila umeme unapodhoofika. Na kama unatumia betri, tafuta konvertisa inayotoa wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi zinaweza kuvisumbua visanduku vizuri kuliko vibaya, ajabu lakini ndivyo.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa kumi hivi mvua hakuna, na malori ya madini yanapita barabara ya Taifa namba 1 mchana na usiku. Kasha la kioo pande zote linafungia joto ndani, na lenye matundu bila kichujio linajaa udongo mwekundu. Chagua lenye matundu na kichujio cha kitambaa kinachotoka, ukioshe kila juma, na usiweke mashini sakafuni. Ndani ya kasha dogo, vumbi kidogo kwenye kipoza linatosha kupandisha joto na kuifanya prosesa ipunguze mwendo.

Kwa asiye na uwezo wa vipuri vipya, kuna njia ya okazioni: kompyuta nyembamba za ofisi, kama OptiPlex ya Dell, zinazoingia zikiwa zimetumika Ulaya. Zingine zinakubali kadi fupi ya GTX 1650, ambayo haivuki wati 75 na inapata umeme wake kupitia kadi mama. Hesabu ya betri inakuwa saa 3 hivi. Pima urefu wa kadi kwa rula, na ujue kwamba nyingi zina plagi za umeme za kiwanda chao tu.

Ukienda kununua Lubumbashi, omba waiwashe mezani, mbele yako. Kadi mama ya zamani inaweza kukataa 5600G mpaka programu yake ya ndani isasishwe, na nyingine haziwezi kusasishwa bila kwanza kuwekewa prosesa ya zamani zaidi. Dukani wanaweza kuwa nayo ya kukuazima dakika kumi. Ukishafika Kikula na boksi lako, utaitafuta kwa nani?