Nyama 64, moto upi nafuu?

Kipande kimoja cha nyama mbichi ya ng'ombe katika mchezo wa Minecraft kinarudisha pointi 3 za shibe. Kikiiva kinarudisha 8. Kipimo chote cha njaa kina pointi 20, kwa hiyo mchezaji aliyeishiwa kabisa anashiba kwa vipande vitatu vilivyoiva, au atafune vibichi saba. Kuku mbichi ndiye hasara tupu: pointi 2 tu, na mara 3 kati ya 10 anakuachia maradhi ya tumbo yanayokula hata ile shibe kidogo uliyokuwa nayo. Kupika si anasa, basi. Linalobaki ni moto.

Swali la moto watu wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanalo kila siku. Kwenye nyumba nyingi za ghorofa za mjini utakuta mtungi wa gesi jikoni, jiko la mkaa barazani na birika la umeme mezani, na kila alfajiri kuna mtu anayeamua kipi kiwashwe kwa chai na kipi kisubiri maharage. Mchezo umelichukua swali hilohilo, ukaondoa shilingi, ukaweka sekunde. Tanuri la kawaida, linalojengwa kwa mawe 8, linaivisha kitu kimoja kwa sekunde 10, kiwe nyama, mchanga au chuma. Kila unachotia chini yake kina muda wake wa kuwaka. Gawa muda huo kwa 10, utajua kitapika vitu vingapi. Kwa kuwa kisanduku kimoja cha mkoba kinabeba vipande 64 na si zaidi, tuchukue mzigo huo, nyama 64, tuone kila moto unadai nini.

Gogo zima linawaka sekunde 15, yaani kitu kimoja na nusu. Nyama zetu zitameza magogo 43. Lipasue gogo hilohilo likawa mbao 4, na kila ubao nao unawaka sekunde 15 zilezile. Mbao 43 zinatoka kwenye magogo 11 tu. Umefanya kazi ya kubonyeza mara moja, ukaokoa robo tatu ya miti. Usiendelee kupasua hadi vijiti, maana ubao unatoa vijiti viwili vinavyowaka sekunde 5 kila kimoja, na hapo theluthi ya moto imeshapotea.

Mkaa unawashinda wote hao. Gogo moja likichomwa tanurini linatoa mkaa mmoja, na mkaa mmoja unawaka sekunde 80, vitu 8. Hesabu inakaa vizuri ajabu: ubao mmoja unachoma gogo la kwanza, mkaa wake unachoma magogo mengine 8, na mikaa hiyo 8 inaivisha nyama zote 64. Magogo 9 na ubao, basi. Makaa ya mawe yanayochimbwa chini ya ardhi yanawaka sekunde 80 vilevile, hayana tofauti hata ya sekunde moja, ila yanahitaji ushuke shimoni kuliko na giza na maadui. Anayeishi karibu na msitu hana sababu ya kuyafuata.

Ukiwa nayo mengi, yapo ya bei ya jumla. Makaa ya mawe 9 yanafungwa kuwa tofali moja linalowaka sekunde 800, vitu 80 badala ya 72. Faida ya vitu 8, kama mfanyabiashara wa mtaa wa Kongo anavyokuongezea kipande ukichukua dazeni. Ila ujue unanunua nini: tofali likishawashwa halizimiki. Nyama zikiisha kabla yake, moto uliobaki unaungua bure.

Hapo ndipo wachezaji wengi wanapotoboka mfuko, na ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kawaida unaosema lava ni bora kuliko yote. Ndoo ya lava inawaka sekunde 1,000, vitu 100, na ndoo yenyewe unarudishiwa. Kwa namba tu hakuna wa kuifikia. Lakini sehemu ya kuwekea nyama inapokea 64 kwa mara moja. Ukitia lava ukaenda zako kuchimba, vitu 36 vya moto vitateketea huku tanuri likiwa tupu. Aliyetia lava kwa samaki watano amepoteza vitu 95. Lava ni ya mtu mwenye mzigo wa kudumu, chuma juu ya chuma, na aliye karibu kuongeza. Kwa nyama zetu 64, mkaa unakata palepale: 8 mara 8, hakuna kinachobaki.

Mkaa wa kweli una tabia hiyohiyo ya kuungua bure, na anayeuza chai barazani anaijua. Jiko likishashika moto, birika likachemka, makaa yanaendelea kuwaka hata kama hakuna wa kuyatumia, labda uyafukie kwa majivu au uyamwagie maji, ukayapata kesho yakiwa dhaifu. Gesi unaifunga kwa kidole. Ndiyo maana mtu mwenye jiko la mkaa na mtungi pamoja hafanyi upuuzi: chai na mayai juu ya gesi, maharage na makande juu ya mkaa.

Ila kuna jambo moja ambalo mchezo umelipindua kabisa, na mzazi mwenye mtoto anayecheza alijue. Katika Minecraft gogo la sekunde 15 linageuka mkaa wa sekunde 80. Moto unaongezeka kwa kuchoma mkaa. Nje ya kioo cha simu ni kinyume. Katika tanuri la asili, lile la kufukia magogo kwa udongo na majani, kilo 10 za kuni mara nyingi hutoa kilo moja hadi mbili za mkaa. Kilo moja ya mkaa ina joto karibu maradufu ya kilo ya kuni kavu, lakini ukijumlisha, nguvu inayofika mjini ndani ya gunia ni takriban robo ya ile iliyokuwa ndani ya mti. Robo tatu zimebaki porini, zimepaa na moshi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 kuhusu mkaa Tanzania ilieleza kwamba Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikila karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, na kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za jiji zinazoutumia zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga ndiyo iliyolipa hesabu hiyo.

Kwa nini basi watu waliuchagua mkaa? Kwa sababu unapimwa kwa kopo. Mwenye elfu mbili mfukoni ananunua mkaa wa elfu mbili, lakini hawezi kununua theluthi ya mtungi. Tupige hesabu ya bei za kuonja tu, nawe weka za dukani kwako. Tuseme mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa 24,000, yaani kilo moja ya gesi 4,000. Kilo hiyo ina nguvu sawa na uniti 12.8 za umeme, na jiko la gesi linafikisha kwenye sufuria zaidi kidogo ya nusu, uniti 7 hivi. Kila uniti inayoingia chakulani imekugharimu kama 570. Mkaa, tuseme kilo moja ni 1,200. Una uniti 8 ndani yake, lakini jiko la bati la kawaida linafikisha sehemu moja tu kati ya tano, kwa hiyo uniti ya chakulani inafika 750. Jiko lililotandazwa udongo ndani, linalofikisha theluthi, linaishusha hadi 450. Umeme wa LUKU kwa mteja wa kawaida unakuja karibu 357 kwa uniti pamoja na kodi, bila kodi ya jengo wanayokata mwanzo wa mwezi. Jiko la sahani likipoteza theluthi moja ya joto, unalipa kama 535. Presha kuka ya umeme inapoteza kidogo mno, na maharage ya familia yanaiva kwa chini ya uniti moja.

Ukizisoma namba hizo, umeme wa presha kuka unashinda na mkaa wa jiko bovu unashindwa na wote. Mtu asiyeweza kulipa 24,000 kwa mkupuo mmoja hazisomi hivyo. Mei 2024 Serikali ilizindua hapa Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Gesi ya mitungi yenyewe hatuichimbi. Inashuka kutoka melini bandarini na kuingia kwenye matangi, tofauti na ile ya Songo Songo na Mtwara inayokuja kwa bomba na kuzungusha mitambo ya Ubungo na Kinyerezi. Mtungi unapopanda bei mtaa wa Likoma, usiulaumu msitu, angalia dola.

Turudi kwenye tanuri. Tangu toleo la 1.14 la Aprili 2019, mchezo una vyombo vinne vya moto badala ya kimoja. Tanuri la vyakula, linalotengenezwa kwa kulizungushia tanuri la kawaida magogo 4, linaivisha nyama kwa sekunde 5. Nyama 64 zilizochukua dakika 10 na sekunde 40, karibu nusu ya siku nzima ya mchezo, sasa zinachukua dakika 5 na sekunde 20. Wengi wanadhani wameokoa na moto. La. Moto nao unakwisha mara mbili kwa kasi, mkaa mmoja bado ni vitu 8. Ulichonunua ni muda peke yake. Presha kuka inaokoa vyote viwili. Tanuri hili halifanani nayo hata kidogo.

Tanuri la madini ni hivyohivyo kwa chuma, dhahabu na shaba, lakini bei yake ni nyingine. Linataka vipande 5 vya chuma na mawe laini 3, na kila jiwe laini limepita motoni mara mbili. Kabla hujalijenga umeshaunguza vitu 11, sekunde 110. Kwa kuwa linaokoa sekunde 5 kwa kila kipande, unarudisha muda wako ukifika kipande cha 22. Chini ya hapo ni mapambo. Na vipande hivyo 5 vya chuma ndivyo vingekupa kofia ya vita. Mimi ningetengeneza ndoo kwanza, chuma 3, halafu hilo lisubiri.

Jambo la pembeni: mchezo unayeyusha chuma na dhahabu kwa muda mmoja, wakati dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1,064 na chuma 1,538. Wahaya wa Kagera wasingekubali. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu matanuri yao ya chuma, ambamo mirija ya udongo iliingizwa ndani ya moto ili hewa ya mivukuto iwe imeshapata joto kabla ya kufika kwenye mkaa, na kazi hiyo ni ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hakuna mti ulioongezeka moto pale.

Chombo cha nne kinadharauliwa bila sababu. Moto wa kambi unataka vijiti 3, magogo 3 na mkaa mmoja, baada ya hapo hauli chochote, milele. Unapokea vipande 4 kwa pamoja na kuviivisha kwa sekunde 30. Nyama 64 ni mizunguko 16, dakika 8, haraka kuliko tanuri la kawaida na bure. Gharama yake ni mikono yako: unaongeza mwenyewe, chakula kikiiva kinadondoka pembeni, ukikiacha chini dakika 5 kinapotea, na hupati zile alama za uzoefu ambazo tanuri linatoa. Kwa mchezaji wa siku ya kwanza, mwenye nyama kumi na magogo machache, sioni kinachoushinda. Asiyekuwa na moto kabisa ana mkate: ngano 3, pointi 5, hakuna kuwasha.

Mwenye haraka na mawe mengi ana njia nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda. Mawe 64 yanajenga matanuri 8. Tia mkaa mmoja na nyama 8 katika kila moja. Sekunde 80 baadaye zote 64 zimeiva, mikaa yote imekwisha, hakuna kilichobaki wala kupotea. Ni mikaa ileile 8 ya tanuri moja, ila imegawanywa.

Kuhusu lava, kuanzia toleo la 1.17 la mwaka 2021 inaweza kuvunwa: weka lava juu ya jiwe, ning'iniza mwamba uliochongoka chini ya jiwe hilo na sufuria kubwa ya chuma chini yake, itadondoka hadi sufuria ijae. Ni polepole, lakini sufuria kumi zinamtosha mtu mwenye matanuri ya chuma yasiyolala.

Gharama ya kuingia ni ya shilingi kwelikweli. Toleo la simu limekuwa likiuzwa dola 6.99. Kwa dola moja ya 2,600 ni kama 18,200, chini ya kujaza ule mtungi wa kilo 6. La kompyuta ni dola 29.99, karibu 78,000, na tangu 2022 linakuja na matoleo yote mawili ya kompyuta, la Java na la Bedrock. Ulichonunua kwenye simu ya Android hakihamii kwenye kompyuta. Wasiotaka kulipa wana Luanti, zamani Minetest, ya bure na halali. Ukienda mtaa wa Aggrey kununua simu ya kuchezea, uliza kumbukumbu ya ndani kabla ya kamera, na umwombe muuzaji aiwashe mbele yako hadi mchezo ufunguke.